Kabla ya kununua raba za mazoezi, kagua mtaa wako

Mtu akianza mazoezi ya kutembea kisha akaacha baada ya wiki chache, jamaa zake husema ni mvivu, na mwenyewe huishia kukubali. Mimi sikubali. Nimetembea kwa ajili ya presha nikiishi sehemu mbili za Dar es Salaam, Sinza na baadaye Goba, nikiwa na daktari yuleyule na agizo lilelile. Sinza nilitembea miaka bila mtu kunikumbusha. Goba kila jioni nilikuwa na sababu ya kubaki ndani, na nyingi zilikuwa sababu za kweli.

Agizo lenyewe lilikuwa nusu saa, siku 5 za wiki. Ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima: dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa mwendo wa haraka kumo.

Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja ni vidogo na mitaa inakatana kila baada ya nyumba chache. Ukichoka, unakata kona unarudi nyumbani. Ukijisikia vizuri, unaongeza mzunguko. Ukimwona mwenyekiti wa kamati ya harusi ambaye hujamtumia mchango, unapinda kushoto. Watafiti wanaopima kama mtaa unafaa kwa kutembea huhesabu njia panda kwa sababu ya uhuru huo, na huangalia pia watu wanavyokaa karibu karibu, na kama nyumba zimechanganyika na maduka na huduma. Sinza ina vyote. Nilikuwa natoka kufuata nyanya gengeni, napita kwa fundi cherehani kuuliza gauni langu (halikuwahi kuwa tayari), narudi kwa njia ya mbali. Giza likiingia, taa za maduka na za wakaanga chipsi zilitosha, na barabarani kulikuwa na watu. Kutembea kwenye shughuli ndani yake hakuhitaji moyo wa chuma.

Goba tulihamia kwa sababu inayowahamisha wengi: tulijenga. Hewa safi, utulivu, nafasi ya kufuga kuku. Lakini kutoka kwetu njia ni moja, na ndiyo hiyohiyo ya kurudia. Inashuka bondeni halafu inapanda kilima cha kukata pumzi. Masika maji yanachimba makorongo katikati ya njia, kiangazi ni vumbi. Kulia ukuta, kushoto ukuta, kila geti lina mbwa. Hakuna cha kununua wala wa kumsalimia mpaka ufike lami, na ukifika, kipande cha kwetu hakina pa kukanyaga pembeni. Unatembea huku umegeuza shingo kusikiliza gari. Bodaboda wanapunguza mwendo: “Mama, twende?” Majirani nao wanasimamisha magari yao kwa huruma kuuliza kama langu liko gereji. Huko kwetu mwenye gari akionekana anatembea, watu wanajua amepatwa na jambo.

Halafu kuna giza. Dar jua huzama karibu na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, dakika 20 hivi mbele au nyuma. Ukitoka kazini mjini saa 11, ukakutana na foleni, unafika nyumbani usiku. Sinza usiku ule ulikuwa bado ni muda wa kutembea. Goba, mwanamke peke yake kwenye njia isiyo na taa, hapana. Hiyo siiti kukosa nidhamu.

Wengi hapa hudhani mtaa mzuri wa kutembea ni mtaa wa wenye nazo. Si lazima. Manzese, ambako nina ndugu, kumebanana na kuna mitaro ya wazi ambayo usiku ni hatari. Lakini ndugu yangu huyo anatembea kwa siku kuliko mtu yeyote ninayemjua mwenye saa ya kuhesabu hatua, kwa sababu soko, msikiti, kituo cha mwendokasi na kila anayemhitaji viko ndani ya umbali wa mguu. Kuna mitaa ya matajiri yenye lami safi na miti ambako hukutani na mtu zaidi ya walinzi. Ukitembea huko unafurahi siku tatu, ya nne unachoka, maana hakuna unakokwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza kabla ya raba. Chagua saa unayotarajia kutembea, kisha itembee njia hiyo mara moja kwa saa hiyohiyo. Watu hukagua Jumapili saa 4 asubuhi, barabara tupu, halafu wanashangaa Jumatatu jioni. Angalia kivuli kiko upande gani, pa kuvukia barabara, mbwa wasiofungwa, taa zinaishia wapi, na kama kuna mahali pa kufikia: duka, kanisa, nyumba ya rafiki. Mahali pa kufikia ndipo patakutoa nyumbani siku ambayo hujisikii. Ukigundua njia salama ni ya dakika 10 tu, chukua hizo, urudie asubuhi na jioni. Zamani wataalamu walitaka mazoezi yafuatane angalau dakika 10 ndipo yahesabiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 uliliondoa sharti hilo, vipande vidogo navyo vinahesabika.

Na kama mtaa umegoma kabisa, usiubembeleze. Tembea kwingine. Hili ndilo lililoniokoa, na nashangaa halisemwi zaidi. Siku hizi nikitoka kazini Posta sikimbilii foleni. Naenda barabara ya Barack Obama, ile ya ufukweni, kuna upepo wa bahari na watu wengine wanaofanya mazoezi. Nikiwa na nguvu napanda Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa 2022 na lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, naenda na kurudi. Nikimaliza, foleni imepungua, na nafika nyumbani si usiku sana kuliko zamani. Anayefanya kazi Mwenge au Ubungo ana Mlimani, chuo kikuu, palipo na vilima na miti mikubwa. Wa daladala anaweza kushuka kituo kimoja kabla, ila achague kituo ambacho kipande kinachobaki kina njia ya miguu. Ushauri wa “shuka kabla” unatolewa kirahisi mno na watu wasiojua kutembea pembeni ya malori.

Wikiendi natembea Goba, lakini kwa kundi. Tulianza wanawake wa jumuiya, tukafungua kundi la wasapu, tunatoka alfajiri kukishapambazuka. Tukiwa wengi mbwa wanabweka kwa adabu, na bodaboda wameacha kutuita. Tumewaomba pia majirani wa njiani waweke taa moja nje ya ukuta badala ya zote ndani, baadhi wameweka. Wenye mbwa walikuwa wagumu zaidi, na mmoja hadi leo tunazungumza naye kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ombi la mtaro wa kuyatoa maji ya masika njiani tumelifikisha kwenye mkutano wa mtaa, bado.

Kwa aliye kwenye mipango ya kuhama au kununua kiwanja: sote tunauliza maji, umeme na hati. Ongeza mguu. Dalali akikwambia “dakika 5 kutoka lami”, elewa kwamba anazungumzia dakika za bodaboda. Mwambie gari libaki lami, mtembee naye hadi kiwanjani, ikiwezekana jioni, na kama ni masika ndiyo bora zaidi. Njiani hesabu njia za kutokea, uone duka la kwanza liko wapi. Dalali wengine watadai wana mteja mwingine anawasubiri. Wakubalie waende, wewe endelea kutembea.