Mahindi yao, kobalti yetu: kwa mnaoanza kazi ya sheria ya biashara Lubumbashi

Wadogo zangu mnaotoka UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na diploma ingali na joto, karibuni. Wengi mnakuja na GATT, mkataba wa dunia wa ushuru na biashara, kichwani, ibara kwa ibara. Vizuri. Ila kabla hamjagusa faili, pandeni gari hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita tisini hivi tu, mkashinde kwenye foleni ya malori. Mtamkuta dereva anasonga bukari, ugali wetu, kivulini chini ya trela, karatasi zake kazifunga kwenye plastiki zisilowe. Karatasi zile ndizo kazi yenu.

Someni namba zilizomo. Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika noti ya kurasa sita juu ya kobalti, madini ya betri, nikaweka namba ya ushuru 2605. Mkubwa wangu hakufika ukurasa wa pili. "Kijana, 2605 ni mawe. Sisi tunauza mawe?" Tunauza zaidi hidroksidi, kobalti iliyokwisha kuchakatwa kiasi, 2822. Kurasa sita nzima nilikuwa nikitetea bidhaa ambayo karibu haipiti mpakani. Tangu siku hiyo naanza na namba: mahindi 1005, unga wake 1102, bia 2203. Maneno baadaye.

Sasa jambo lenyewe. Kila Zambia inapozuia mahindi kutoka, bei ya meka, kipimo chetu cha unga, inapanda kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na kabla ya wiki kuisha kuna mtu ataingia ofisini kwenu amefura: waandikieni, wanavunja COMESA, soko letu la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika! Nimeandika barua za namna hiyo, tena kwa kalamu kali. Halafu tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kobalti kutoka nchini, miezi minne kwanza, ikaongeza, na Oktoba ikaleta mgao wa tani kwa kila kampuni. Kalamu ileile ikatakiwa ieleze kwa nini sisi tuna haki.

Wekeni mafaili mawili hayo kando kwa kando. Ibara ya XI ya GATT inakataza kuzuia bidhaa kutoka, lakini inaacha mlango: nchi yenye upungufu mkubwa wa chakula inaweza kuzuia kwa muda. Zambia ya 2024, na ukame ule, inapita mlangoni humo bila kuinama. Sisi kobalti hailiwi. Mlango wetu ni ibara ya XX, aya ya (g), ya kuhifadhi maliasili inayoisha, na aya hiyo ina sharti: ukibana wanaonunua nje, ubane na uchimbaji au matumizi ya nyumbani. Kwetu kobalti inatoka pamoja na shaba. Migodi iliendelea kuchimba shaba, kobalti ikarundikana kwenye maghala. Tena tulitangaza wazi kwamba shida ni bei iliyoporomoka. China ilijaribu hoja ya uhifadhi kwa madini yake adimu, ikashindwa mwaka 2014.

Kwa hiyo, kwenye karatasi, faili la mahindi ya jirani ni zito kuliko letu. Inauma. Mwambieni mkubwa wenu hivyo mapema, msimwachie mwanasheria wa upande wa pili.

Sisemi serikali ilikosea. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia haiwezi kukaa mikono kifuani ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na mimi nilifurahi. Nasema tu kwamba uzuri wa lengo haujibu swali la sheria, na hukumu nayo haimalizi mambo. Indonesia ilishindwa kesi ya kuzuia nikeli ghafi kutoka nchini mwaka 2022, ikakata rufaa kwenye chombo cha Shirika la Biashara Duniani ambacho hakina waamuzi wa kutosha tangu Desemba 2019. Kesi imelala huko.

Ndipo inapoingia diplomasia. Agosti 2024 tulizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Mpaka ulifunguliwa baada ya siku chache, kwa mazungumzo. Hakuna aliyesubiri Geneva, makao ya shirika hilo, maana malori ya shaba yalikuwa yamekwama upande huu na unga upande ule.

Mimi siku hizi naandika noti mbili: kwanza ya jirani, kama ningekuwa nimeajiriwa Lusaka, halafu yetu. Ya kwanza haitoki mezani kwangu. Na mfanyabiashara akiwaletea kilio, msikimbilie barua kwa waziri. COMESA, EAC na SADC zina mfumo mmoja wa kupokea malalamiko ya vikwazo visivyo vya ushuru. Kinachotakiwa ni tarehe, kituo, namba ya bidhaa na risiti. Hapo kwenye risiti ndipo wengi wanakwama, kwa sababu mama wa unga hulipa mkononi na haombi karatasi. Kaeni naye, mwelezeni taratibu, mwiteni mama, msimwite mteja.

Mkienda Kasumbalesa bebeni kalamu mbili. Moja itaazimwa dirishani, na hairudi.