"He" au "She"? Kosa Linaloanzia Kwenye "Yeye"

Niliwahi kuandika barua ya kumpendekeza mwenzangu wa kike kazini, nikamwita "she" katika aya ya kwanza na "he" katika aya ya tatu, na aliyeipokea akaniuliza huyo mwanamume ni nani. Iliniuma, kwa sababu sifa alizozitolea jasho dada yule zilionekana kuwa za mtu mwingine.

Chanzo cha kosa kiko katika lugha tuliyozaliwa nayo. Tukisema "alifika", inatosha, awe mwanamume au mwanamke, na nafsi yenyewe imejificha ndani ya kitenzi, katika kiambishi "a-". Kiingereza huitoa nafsi hiyo nje ikawa neno kamili, tena hulidai neno hilo hata pasipokuwa na mtenda, ndiyo maana mvua ikinyesha husemwa "it is raining". Ni kwa sababu hiyohiyo wengi wetu huandika "my mother she told me", tukidhani "she" inafanya kazi ya ile "a-" ya "mama aliniambia". Haifanyi: jina likishatajwa kama kiima, kiwakilishi hakina nafasi tena, kwa hiyo andika "my mother told me".

Umbo nalo hubadilika. "I", "he", "she", "we" na "they" ni ya mtenda, ilhali "me", "him", "her", "us" na "them" ni ya mtendwa au hufuata kihusishi. "You" na "it" hayabadiliki. Ukisita kati ya "she invited my brother and I" na "my brother and me", mwondoe kaka kwanza: "she invited I" sikio litaikataa papo hapo.

Usiogope kutumia "they" kwa mtu mmoja usiyemjua jinsia, kama katika "someone left their bag". Matumizi hayo yapo tangu karne ya 14, na kwangu ndiyo yanayoikaribia zaidi "yeye" yetu, ingawa kitenzi chake hubaki cha wingi: "they are", si "they is".

Siku hizi, kabla ya kutuma maandishi yoyote ya Kiingereza, huyasoma mara moja zaidi nikitafuta viwakilishi pekee, na kila ninapokikuta kimoja hujiuliza kinamrejelea nani. Ile barua ya mwenzangu niliirekebisha kwa njia hiyo, nikakuta "he" nyingine mbili ambazo hata aliyeniuliza hakuwa ameziona.