Usiifunge Tepu, Ndugu Yangu

Juzi kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kaniandikia: "Dada, nina taa ya mezani ya chuma, ya zamani. Nikiigusa inanitekenya. Niizungushie tepu?" Nilisoma nikiwa nasonga ugali, ukashika chini. Taa hiyo naijua. Ilishawahi kunitupa.

Yangu ilikuwa ya marehemu baba. Chuma kizito, shingo ya kupinda, rangi ya kijani iliyobanduka. Mbele yake alisahihisha madaftari ya wanafunzi miaka yote. Baada ya arobaini wenzangu waligawana ng'ombe na makochi, mimi nikasema nipeni taa. Walicheka, na shemeji alicheka kuliko wote. Waya wake ulikuwa umekauka, ukiukunja unameguka kama ganda la karanga. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, akanitoza 15,000, jioni akanirudishia inawaka. Mimi ningekagua nini zaidi?

Kumbe aliweka waya wa nyuzi mbili na plagi ya pini mbili, ile ambayo mpaka uchokonoe tundu la juu la soketi kwa mfuniko wa peni ndipo iingie. Nilichokonoa miezi minne. Najua na wewe unachokonoa. Jumapili moja nadeki, miguu peku, sakafu mbichi, nikaisogeza taa nipitishe tambara. Nilijikuta nimekaa chini karibu na mlango, mkono umekufa ganzi hadi begani. Taa imelala kifudifudi, na bado inawaka.

Nilipoichomoa na kufungua kitako niliona kila kitu. Waya ulipita kwenye tundu lenye makali, bila raba, ukachubuka, laini, ule uzi unaoleta umeme, ikagusa chuma. Ingekuwepo ethi nzuri, yaani waya wa tatu unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umeme ungepita huko kwa nguvu, fyuzi ikaungua au breka ikaanguka, na mimi ningebaki nashangaa tu kwa nini taa imezima. Nilimrudia fundi. Akanijibu, "Lakini si inawaka?" Hilo neno halijanitoka hadi leo.

Basi nikaapa nitaifunga waya mwenyewe. Nikashuka soko la Majengo, nikanunua mita mbili za waya unaonyumbulika wa nyuzi tatu, holda ya msokoto, raba ya kuziba tundu, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Ndani yake walikuwa wameweka fyuzi ya ampia 13. Nikadai ya 3. Muuzaji akaniona msumbufu. Taa ya balbu ya wati 7 inahitaji 13 ya nini? Waya mwembamba utaungua kabla fyuzi hiyo haijastuka.

Jaribio la kwanza nilikosea. Waya wa kahawia, yaani laini, niliufunga kwenye meno ya holda badala ya kile kibati cha katikati. Taa iliwaka vizuri sana! Shemeji akapita kunisalimia, akatoa balbu, akagusa testa kwenye meno, ikawaka. Mtu akibadilisha balbu vidole vyake vinafika hapo hapo. Akacheka mpaka akakaa. "Mwalimu, umeme hauna shemeji." Nikamwambia kuanzia leo hata mimi sina.

Nilifungua tena. Kahawia katikati, bluu kwenye meno. Ule wa kijani na njano, yaani ethi, hapo usiwe na haraka. Nilikwangua rangi ya kitako kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, nikaubana kwa skrubu na washa yenye meno. Ukiufunga juu ya rangi au kutu umefunga pambo. Niliuacha mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa yeye awe wa mwisho kung'oka. Tundu nililipiga tupa na kulivisha raba. Kisha, plagi ikiwa mkononi, nikapima kwa mita ya fundi, ile inayolia njia ya umeme ikiungana: pini kubwa ya ethi na mwili wa taa, ikalia. Pini ya laini na mwili, kimya. Nilirudia mara tatu, si kwa utaalamu, kwa woga.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Dodoma tunajidanganya nalo. Ethi ya taa inaishia kwenye ile fimbo iliyozikwa nyuma ya nyumba, na udongo wetu kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi tupu. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo fyuzi inaweza isiungue hata laini ikigusa chuma. Nilimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aipime, na akanifungia breka inayokata umeme ukianza kuvuja, ya miliampia 30. Hiyo kazi sikuigusa, na wewe usiiguse. Taa ni yetu, ubao wa breka ni wa mwenye leseni. Watu wanajenga nyumba ya vigae vinavyoteleza, halafu kwenye ethi ndipo wanaanza kubana shilingi. Nikiwasema wananiona najidai. Acha nijidai.

Wewe wa Nkuhungu, chomoa hiyo taa sasa hivi, usisubiri mwisho wa mwezi. Tepu haiponyi waya uliochubuka ndani ya bomba la chuma. Na ukishaufunga ule wa kijani na njano, nitumie picha ya skrubu yake kabla hujarudisha kitako.