Maswali Yenu: Nilikariri Hisabati, Sasa Naitaka Shahada ya Uzamili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27. Nilimaliza shahada ya kwanza ya hisabati miaka mitatu iliyopita, alama zangu si haba, na tangu hapo nafundisha sekondari. Nataka kuomba nafasi ya uzamili, lakini nikikumbuka nilivyoufaulu mtihani wa analisisi, tawi la hisabati linalochunguza vikomo na mifuatano ya namba, naona aibu: uthibitisho wote niliukariri kama shairi. Kaka yangu ananishauri nianze kusoma vitabu vya uzamili sasa hivi, ili nikifika niwe nimewatangulia wenzangu. Nifanyeje? – Mkariri

JIBU: Marahaba, Mkariri. Msalimie sana kaka yako, kisha usimsikilize.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Miezi minne kabla ya masomo nilijifungia na kitabu kinene cha topolojia, nikajiona nimeiva. Wiki ya pili profesa akaniita ubaoni nithibitishe jambo la shahada ya kwanza: kwamba mfuatano wa namba wenye kikomo, yaani namba moja unayoikaribia, lazima uwe na mipaka, yaani namba zake zisipite kiwango fulani juu wala chini. Nikashika chaki, nikaanza na epsiloni, ile namba ya kupimia ukaribu, nikaandika, "Chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko sifuri." Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hebu tulitazame, maana ugonjwa wako na wangu umo humo. Mfuatano ukiwa na kikomo, kuanzia hatua fulani namba zake zote zinakaa karibu na kikomo hicho, karibu kadiri utakavyo wewe. Sasa, nani kakwambia uombe ukaribu wa ajabu? Chagua epsiloni iwe 1, basi. Kuanzia hatua fulani, kila namba iko umbali usiofika 1 kutoka kwenye kikomo. Zilizobaki nyuma, hata zikiwa milioni, idadi yake ina mwisho, kwa hiyo ipo iliyo kubwa kuliko zote na ipo iliyo ndogo kuliko zote. Kazi imekwisha. Mimi niliyazoea maneno "epsiloni yoyote" kiasi kwamba sikujua nina ruhusa ya kuchagua.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari zako za zamani. Soma dai, funga daftari, hangaika nalo siku mbili. Ukishindwa, fungua usome mstari mmoja tu, ufunge tena. Ukiliweza, livunje: ligeuze uone kama bado linasimama. Je, kila mfuatano wenye mipaka una kikomo? Andika 1, −1, 1, −1 bila kukoma, umejijibu. Ondoa sharti moja, tafuta mfano unaoharibika. Ukimaliza kurasa mbili kwa wiki, umefanya kazi kubwa. Nenda hivyo na analisisi, halafu aljebra ya mstari, ile ya vekta na thibitisho zake na wala si ile ya kukokotoa matriki tu, kisha makundi, yaani seti zenye kanuni moja ya kuunganisha vitu vyake. Mengine utayakuta hukohuko.

Hukuniuliza kuhusu watu, nami nakujibu, kwa sababu ndiko nilikopoteza mwaka. Wanaume wa darasa letu walikuwa wakikutana jioni kufanya mazoezi pamoja. Sikualikwa, nami nikaona haya kujialika. Nilidhani wana akili kunishinda. Kumbe vichwa vitano vilikuwa vikishindana na changu kimoja. Mwaka uliofuata nikampata dada mmoja, tukawekeana sharti: mmoja anathibitisha ubaoni, mwingine kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" tu. Tuligombana sana. Wote wawili tulihitimu.

Na usione mwaka wa kujiandaa kuwa ni wa waliofeli. Huko Marekani, mwaka 1998, wanahisabati wawili, Sylvia Bozeman na Rhonda Hughes, walianzisha mpango uitwao EDGE. Wanawake waliokwisha kupata nafasi ya shahada za juu walikusanywa wakati wa kiangazi, kabla masomo hayajaanza, wasome analisisi na aljebra kwa kasi watakayokutana nayo, na waondoke wakifahamiana. Angalia vizuri: hao walikuwa tayari wamekubaliwa.

La mwisho, barua ya mapendekezo. Miaka mitatu ni mingi, mhadhiri wako ameshafundisha mamia baada yako. Mwandikie sasa, umtumie na uthibitisho mmoja ulioandika mwenyewe. Atapata la kusema zaidi ya alama zako.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 34 na mtoto mmoja. Natamani kurudi kusoma hisabati hadi uzamivu, lakini naambiwa hisabati ni ya vijana. – Mama wa Mmoja

JIBU: Joan Birman, Mmarekani, alipata shahada ya kwanza mwaka 1948. Katikati alifanya kazi za viwandani na kulea watoto watatu. Uzamivu aliupata mwaka 1968, akiwa na miaka 41, kisha akawa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nadharia ya mafundo na misuko: hisabati ya nyuzi zinazopishana kama nywele zinavyosukwa. (Ningependa kujua wale wanaosema "ya vijana" wamethibitisha nini maishani mwao.)

Kwa hiyo umri tuuache. Mtoto ndiye mwenye hoja. Kabla hujalipa ada yoyote, uliza kwa maandishi kama idara inaruhusu kusoma kwa nusu muda, na kama vipindi vya mazoezi hufanyika jioni, maana mara nyingi huwa havionekani kwenye ratiba.