Anza na Where Eagles Dare

Ndugu, umeuliza filamu ya zamani ya majasusi kwenye milima ya theluji: tafuta Where Eagles Dare ya mwaka 1968. Richard Burton na Clint Eastwood wanavaa sare za Kijerumani na kupenya ngome ya mlimani kumtoa jenerali wa Marekani aliyetekwa. Ngome iliyopigwa picha ni ya kweli, Hohenwerfen, iko Austria. Inazidi saa mbili na nusu na mwanzo wake unakwenda taratibu, ila usipeleke mbele, maana maongezi yale ndiyo yanayomficha msaliti. Ukifika kwenye lile pigano juu ya paa la kibanda kinachoning'inia kwenye waya, sururu ya barafu mkononi, hutapepesa macho. Itazame usiku, taa umezima, kwani matukio mengi yamo gizani.