Shajara ya Mtunzi wa Riwaya: Ni Ushahidi wa Nini?

SWALI

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna riwaya zinavyotungwa, na sehemu kubwa ya hoja zangu inategemea shajara ambazo waandishi waliziandika faraghani wakati wa kutunga. Msimamizi wangu anashikilia kwamba shajara ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu kazi ya sanaa. Naomba unisaidie kwa mambo matatu. Je, shajara inakubalika kuwa ushahidi? Kama inakubalika, inafichua nini hasa kuhusu utunzi, na ni kipi isichoweza kukifichua? Na pale ambapo shajara moja ina matoleo zaidi ya moja, nitumie lipi?

Mwanafunzi wa fasihi

JIBU

Ndugu mwanafunzi,

Msimamizi wako ana sababu ya kutahadhari, ila tahadhari yake imepita kiasi. Shajara ni ushahidi, tena ushahidi mzito, mradi uiulize maswali inayoweza kuyajibu. Ukiiuliza jambo lilitokea lini, kwa mfuatano gani, katikati ya vikwazo vipi, na mwandishi aliamini nini juu ya kazi yake siku ile kabla hajajua itaishaje, itakujibu vizuri kuliko hati nyingine yoyote. Ukiiuliza wazo lilitoka wapi, au kama sura fulani ilifaulu, itakujibu pia, lakini jibu hilo usilipokee kabla ya kulipima. Kasoro ninayokutana nayo mara nyingi katika tasnifu za aina hii ni kuisoma shajara kana kwamba ni taarifa ya kazi iliyokuwa ikifanyika mahali pengine, ilhali kwa waandishi wengi kuandika shajara kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa John Steinbeck, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Alianza kuandika The Grapes of Wrath mwishoni mwa Mei 1938, akaimaliza tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo, na riwaya ikachapishwa Aprili 1939. Katika miezi hiyo alikuwa na desturi ya kuandika shajara kwanza, mara nyingi aya fupi tu, ndipo aushike mswada. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1989, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu 1968. Anayeifungua akitarajia falsafa ya utunzi atavunjika moyo. Kilichomo ni lengo la siku, yaani maneno kama elfu mbili, kelele za majirani, wageni, mchapishaji wake kufilisika kazi ikiwa katikati, mke wake kufanyiwa upasuaji wa mafindofindo, mipango ya kununua shamba. Kisha, baada ya kila kero, anajihimiza kurudi mezani. Mara kwa mara anaandika kwamba yeye si mwandishi, kwamba amekuwa akijidanganya na kuwadanganya wengine.

Mhakiki asiye na subira huyaruka hayo yote na kutafuta sentensi chache zinazotaja wahusika au muundo, na hapo ndipo anapoukosa ushahidi wenyewe. Chukua suala la jina la kitabu. Shajara inaonyesha kwamba riwaya ilikuwa imekwisha kupita nusu ndipo mke wake, Carol, alipopendekeza jina hilo, mwezi wa Septemba 1938. Mtu anayedai kwamba jina ndilo lililoongoza ujenzi wa riwaya tangu sura ya kwanza atalazimika kwanza kuijibu tarehe hiyo. Hakuna barua wala mahojiano ya baadaye yanayoweza kufanya kazi hii kwa uhakika kama huo, kwa sababu mwandishi anayehojiwa baada ya miaka kumi huikumbuka riwaya yake kana kwamba ilizaliwa na jina lake.

Manung'uniko nayo yana maana, ingawa si ile inayodhaniwa. Steinbeck anapoandika kwamba kazi ya jana ilikuwa ovyo, hatupati hukumu ya kuaminika juu ya kurasa za jana. Katika riwaya iliyochapishwa huwezi kunyooshea kidole kurasa zilizotoka siku za huzuni na kuzitenga na za siku za furaha. Tunachopata ni habari za namna alivyofanya kazi. Hofu aliitua katika shajara ili isimfuate hadi kwenye mswada, na ahadi ya siku aliiandika ili kesho ajue kama ameitimiza. Maneno hayo, kwa hiyo, yana kazi ya kufanya kuliko habari ya kutoa, na mtafiti anapaswa kuyasoma hivyo. Hapa pia ndipo pa kumjibu msimamizi wako: ni kweli kwamba ni maneno ya mtu kuhusu nafsi yake, lakini kitendo cha kuyaandika kila asubuhi, kabla ya kazi, ni tukio katika historia ya riwaya hiyo, nalo linathibitishwa na kuwapo kwa shajara yenyewe.

Linganisha na alichokifanya mwaka 1951 alipokuwa akitunga East of Eden. Safari hii maandishi yake ya kila siku, kuanzia 29 Januari hadi 1 Novemba, aliyaelekeza kwa mhariri wake, Pascal Covici: katika daftari moja, ukurasa wa kushoto aliandika barua na wa kulia riwaya. Barua hizo zinavutia zaidi. Anaeleza makusudi yake, anatetea muundo, anafafanua majina ya wahusika. Wanafunzi huzipenda, nami naelewa kwa nini, maana zinanukulika kwa urahisi. Hata hivyo, kama ningetakiwa kuchagua moja kati ya hati hizo mbili kuwa ushahidi, ningechagua ile kavu ya 1938. Shajara inayojua kwamba itasomwa huvaa nguo za kutokea, na mwandishi anayemweleza mhariri kwa nini amefanya hivi huwa tayari ameanza kuutetea uamuzi wake mbele ya wasomaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote yanayofichuliwa na shajara: kwamba mbinu mara nyingine huzaliwa baada ya kazi kuanza. Vitabu vya kufundishia fasihi humwonyesha mtunzi akichagua dhamira, kisha nafsi ya usimulizi, kisha mbinu, ndipo aandike. Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza ambaye shajara yake inaanzia 1915 hadi 1941 alipofariki, anatupa mfuatano mwingine. Tarehe 14 Oktoba 1922 anaandika kwamba Mrs Dalloway, iliyokuwa hadithi fupi, imechipua na kuwa kitabu, na kwamba anakusudia kuonyesha ulimwengu unavyoonwa na mwenye akili timamu na unavyoonwa na mwenye wazimu, bega kwa bega. Dhamira ipo tayari, mbinu haipo. Tarehe 30 Agosti 1923, uandishi ukiwa umekwisha kushika kasi, anataja mapango anayoyachimba nyuma ya wahusika wake, mapango ambayo yataungana na kutokeza mwangani katika wakati uliopo wa hadithi. Tarehe 15 Oktoba 1923 anasema ilimchukua mwaka mzima wa kupapasa hadi kugundua alichokiita uchimbaji wa handaki, yaani kuyasimulia yaliyopita kwa mafungu, kadiri anavyoyahitaji. Rasimu ya kwanza ilikamilika Oktoba 1924, na riwaya ikatoka tarehe 14 Mei 1925.

Shajara hiyo hiyo hukuwezesha kuyawekea mipaka ya tarehe maelezo aliyoyatoa mwandishi hadharani. Katika utangulizi aliouandikia toleo la Marekani la mwaka 1928, Woolf alisema kwamba katika mpango wa kwanza Septimus, yule mhusika mwenye wazimu, hakuwapo, na kwamba Mrs Dalloway mwenyewe ndiye angejiua, au pengine angefariki tu mwishoni mwa karamu. Ukirudi kwenye andiko la Oktoba 1922 unakuta jina la Septimus Smith limekwisha kutajwa, tena likiwa na alama ya kuuliza, kana kwamba analionja kwanza. Mpango usio na Septimus, basi, unapaswa kuwekwa kabla ya siku hiyo. Utangulizi peke yake usingekuambia hivyo, maana unasimulia mabadiliko bila kutaja yalitokea lini.

Hata hapa pana sababu ya kutahadhari. Ule "mwaka mzima wa kupapasa" ni kumbukumbu, ingawa imeandikwa ndani ya shajara. Siku ile alikuwa akitazama nyuma, si akiripoti. Namna ya kuipima ni kuilaza shajara kando ya rasimu. Daftari za rasimu hiyo, ambayo wakati huo iliitwa The Hours, zimo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, ilhali shajara zimo katika Maktaba ya Umma ya New York. Bahari nzima imewekwa kati ya hati mbili ambazo mwandishi mmoja alikuwa akizijaza kwa wakati mmoja. Bahati nzuri maandishi yake yamechapishwa, na anayekusudia kudai lolote kuhusu mbinu hana udhuru wa kusoma upande mmoja.

Kuhusu chimbuko la mawazo nitasema machache, kwa sababu hapo shajara ni dhaifu. Tarehe 12 Januari 1895 Henry James aliandika katika daftari lake kisa cha mizimu alichosimuliwa na Askofu Mkuu wa Canterbury: watoto walioachwa mikononi mwa watumishi waovu, watumishi wakafa, kisha wakarudi kuwaandama. Miaka mitatu baadaye kikatoka The Turn of the Screw. Mbegu imo katika daftari, lakini mwalimu mlezi anayesimulia, ambaye wahakiki hawajaacha kubishana kama mizimu aliiona au aliibuni, hayumo. James anagusia tu kwamba kisa kisimuliwe na mtazamaji wa nje. Kilichoifanya kazi kuwa kazi kiliingia baadaye, na daftari lile halikionyeshi kikiingia. Vivyo hivyo usidanganywe na ule usiku wa 22 kuamkia 23 Septemba 1912, Franz Kafka alipoandika hadithi yake ya The Judgment kwa mkao mmoja, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya daftari la shajara yake. Usiku huo umenukuliwa sana kuwa uthibitisho wa wahyi. Daftari hizo hizo zimejaa mianzo ya hadithi zilizokatika njiani, nayo ni ushahidi ule ule, ila hainukuliwi.

Kuna pia suala la ukimya. Leonard Woolf, alipochapisha sehemu za shajara ya mkewe, alionya kwamba shajara hutoa sura iliyoelemea upande mmoja, kwa kuwa mtu huzoea kuandika akiwa katika hali fulani ya moyo, labda ya karaha au huzuni, na kuacha kuandika anapokuwa katika hali iliyo kinyume. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba siku isiyo na andiko haiwezi kuhesabiwa kuwa siku isiyo na kazi. Andaa jedwali la tarehe, na kila tarehe uiwekee kilichoandikwa katika shajara, kilichoandikwa katika rasimu, na kilichomo katika barua za siku hiyo. Pale ambapo rasimu inasonga mbele na shajara imenyamaza, huenda ukawa umegusa siku zake nzuri.

Pale ambapo mwandishi mwenyewe amechapisha simulizi ya utunzi wake, tofauti kati ya simulizi hiyo na shajara ndiyo machimbo yako bora. Thomas Mann, mwandishi wa riwaya wa Kijerumani, alichoma sehemu kubwa ya shajara zake mwaka 1945, na nyingi kati ya zilizobaki akaagiza zisifunguliwe hadi miaka 20 baada ya kifo chake; zilifunguliwa mwaka 1975. Kabla ya hapo wasomaji walikuwa na kitabu chake cha 1949 kuhusu kuzaliwa kwa riwaya yake ya Doctor Faustus, kilichotumia shajara hizo lakini kikazichuja: habari za msaada wa mwanafalsafa Theodor Adorno katika mambo ya muziki zilipunguzwa kwa shinikizo la familia. Anayesoma kitabu hicho peke yake anasoma utunzi ambao umekwisha kuhaririwa.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la matoleo. Kwa Woolf, toleo la Leonard la 1953 lilichagua hasa maandiko yanayohusu uandishi, na hivyo linamwonyesha mtu asiyewaza jingine. Toleo kamili la juzuu tano, lililotoka kati ya 1977 na 1984, linarudisha wageni, fedha, maradhi na ugomvi wa nyumbani, yaani vile vile ambavyo uandishi ulipaswa kushindana navyo. Tumia hilo kamili kwa kila hoja ya utunzi, na lile la 1953 ulitaje tu ukijadili jinsi wasomaji wa miongo ile walivyomwelewa. Kwa Kafka, toleo la rafiki yake Max Brod lilikata na kupanga upya, kwa hiyo tegemea toleo la uhakiki la Kijerumani la 1990 au tafsiri iliyotokana nalo. Katika manukuu yote taja tarehe ya andiko pamoja na ukurasa, ili msomaji mwenye toleo jingine aweze kulifikia, na useme wazi kama tafsiri ya Kiswahili ni yako.