Babu Alisema Kweli Kuhusu Daraja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, babu yangu alikuwa keya. Nianzie wapi kumtafuta?" Keya ni askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Nilimjibu kwa sentensi mbili, kisha usingizi ukakata, maana jibu la kweli linaanzia mahali panaponiuma.

Babu yangu mzaa mama alipigana Burma, Myanmar ya leo, katika vita vya pili vya dunia. Jioni barazani alitusimulia daraja lililoelea juu ya mto, malori ya jeshi yakipita juu yake, na maafisa wa Kizungu waliogeuka rangi wakawa wa njano. Tulicheka. Wajomba nao walicheka, wakasema mzee anatupiga kamba. Mwisho akaacha kusimulia. Alifariki hajawahi kuligusia tena, na hilo sijajisamehe.

Mwezi uliopita nikaipata picha ya daraja lile. Ni Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba 1944. Wahandisi wa jeshi waliunga vipande vya chuma juu ya mashua bapa, likafika zaidi ya mita 300, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Waliofungua njia hadi pale ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wetu, walioshuka bonde la Kabaw kwenye mvua kubwa, tope na malaria. Na wale Wazungu wa njano? Ni mepakrini, dawa ya kuzuia malaria waliyomeza kila siku. Inageuza ngozi kuwa njano. Mzee hakuongeza chumvi hata punje.

Kwa hiyo ndugu yangu, usianze na intaneti. Anza na wazee walio hai, na yaandike hasa yale yanayosikika kama uongo. Mimi nilikumbuka daraja kwa sababu tulilicheka. Mangapi mengine aliyasema tukiwa hatusikilizi?

Kisha tafuta kikosi. Kwenye kopo la biskuti la bibi kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi: batalioni ya 36 ya keya, ya Tanganyika. Karatasi moja tu, imeliwa na mende pembeni, lakini ndiyo iliyonifungulia kila kitu. Medali nilizitegemea mno bure, kwani nyingi za Waingereza za vita vya pili hazikuchongwa jina la mtu. Shajara za vita za batalioni, yaani kumbukumbu zake za kila siku, zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Humo maafisa wanatajwa kwa majina, askari wanatajwa kwa idadi. Usikate tamaa. Ukijua kikosi kililala wapi usiku fulani, unajua babu yako alilala wapi.

Miezi ya kuandika barua naiacha. Ila siwezi kuacha ofisi moja niliyoingia, karani akaniambia askari wa kawaida hawana historia. Nilitoka nje nikalia.

Kama wako hakurudi, njia ni nyingine. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, na kuitafuta ni bure. Na kama nyumbani wanasema "alipandia meli Mombasa akapotea baharini", yashike maneno hayo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kuna familia hadi leo zinajua bahari tu, hazijui meli.

Tunapita Kariakoo kila siku, jina lililobaki kutoka kwa wapagazi wa vita vya kwanza, na hatuulizi walikuwa watoto wa nani. Tuulize, jamani. Mwenye bibi wa miaka tisini asingoje sikukuu. Aende Jumamosi hii, awashe simu arekodi, amwache mzee aseme hata akirudia.

Picha ya daraja nilimpelekea mama. Aliishika muda mrefu, akaniuliza babu alisimama ng'ambo ipi. Nikamwonyesha Kalewa, ukingo wa magharibi, walikotokea. Akampigia simu kaka yake mkubwa, yule aliyecheka kuliko wote, akamwambia, "Njoo uone."